Sauti ya Mhasibu Ina Bei Gani?

Wiki ya mwisho ya Juni simu ya mhasibu hailali. Anapiga mwenye duka la vipuri, anapiga mwenye saluni, anapiga mwalimu mwenye nyumba mbili za kupangisha, na wote wanauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: "Mwaka jana sikupata faida yoyote, sasa ritani napeleka ya nini?" Mhasibu anaeleza. Anaeleza tena. Kufikia alasiri amekwisha kutoa semina nzima ya kodi, kipande kwa kipande, kwa watu kumi na wawili, bila kuingiza hata senti, huku wateja wanaomlipa kila mwezi wamekaa kwenye benchi wakisubiri amalize kuongea na simu.

Ndipo mtu anapojiambia: maneno haya ningeyarekodi mara moja, anayeyataka ayanunue. Wazo hilo halimjii mhasibu peke yake. Wakili wa mirathi analo, mshauri wa masuala ya ajira analo, mthamini wa ardhi analo. Simu ya mkononi imeshakuwa studio, malipo yanapita kwa Lipa Namba, na msikilizaji yuko kwenye daladala ameweka hedifoni masikioni. Linalobaki ni kujua kama kazi hii inalipa, na fedha yenyewe inaingilia mlango gani.

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji anipime njiani. Rekodi hukuza ofisi ya mtaalamu, ila fedha inayotokana na kuuza rekodi zenyewe ni ndogo, na itaendelea kuwa ndogo. Anayeingia na hesabu za mwanamuziki, kwamba auze nakala nyingi alale, atachoka kabla ya mwaka kuisha. Anayeingia na hesabu za mwenye ofisi ana nafasi nzuri.

Hadithi inayosimuliwa sana katika biashara hii ni ya Earl Nightingale, mtangazaji wa redio wa Chicago ambaye alikuwa pia na wakala mdogo wa bima ya maisha. Alizoea kuzungumza na wauzaji wake ili kuwatia ari. Mwaka 1956, akijua hatakuwepo kwa muda, akarekodi mazungumzo yake kwenye santuri wasikilize akiwa mbali. Wauzaji wakapenda, wakaomba nakala wapeleke nyumbani, ndugu na marafiki nao wakaomba. Santuri hiyo, *The Strangest Secret*, ikaja kuuzwa nakala zaidi ya milioni moja, na mwaka 1960 Nightingale akaungana na Lloyd Conant, mtu aliyejua biashara ya kuuza kwa posta, wakaanzisha kampuni ya Nightingale-Conant.

Wengi wakisimulia habari hii huishia kwenye ile milioni, wakakuacha na macho yanang'aa. Mimi huvutiwa zaidi na mwanzo wake. Santuri ile haikutengenezwa iuzwe. Ilitengenezwa kwa sababu mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili, na waliokuwa wakimsikiliza walikuwa tayari wanamjua na kumwamini. Biashara ikaja baadaye, ikifuata haja iliyokuwepo.

Madaktari wa California walikuwa wametangulia kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 chama chao kilianzisha Audio-Digest, huduma ya kurekodi muhtasari wa makala na mihadhara ya tiba, ili daktari asiye na muda wa kusoma asikilize. Aliyeiasisi, Jerry Pettis, baadaye alikuja kuwa mbunge katika Bunge la Marekani. Philips walipotoa kaseti mwaka 1963, mambo yakawa mepesi: daktari, wakili na muuza bima wote wakaanza kujifunza wakiwa kwenye usukani. Kanda ya dakika sitini ilikuwa na thelathini kila upande, na ukisikiliza semina nyingi za leo utaona bado zina umbo hilo, ingawa hakuna tena upande wa pili wa kugeuza.

Kwa nini fani hizi ndizo zilizoikimbilia sauti? Mkulima akivuna mahindi mengi huyaweka ghalani, akauza Februari bei inapopanda. Wakili hana ghala. Saa ya Jumanne isiyouzwa Jumanne imepotea. Hata akifanikiwa sana, anagonga dari: siku ina saa zile zile, na akiajiri vijana, wateja hulalamika kwamba walimtaka yeye. Rekodi ndiyo ghala lake la kwanza. Saa moja aliyoongea Machi inaweza kusikilizwa Novemba na mtu wa Mwanza, mwingine akaisikiliza Muscat, wakati mwenyewe yuko mahakamani.

Lakini tupige hesabu, maana ghala nalo lina panya. Tuseme mhasibu wa Kariakoo anawatoza wenye maduka madogo shilingi 100,000 kwa mwezi kuwatunzia vitabu na kushughulikia kodi. Anarekodi semina ya saa moja na nusu, anaiuza shilingi 10,000. Akijitahidi, kwa miezi sita anauza nakala 200, yaani shilingi milioni mbili. Toa ujira wa kijana aliyehariri, toa matangazo, toa jioni alizopoteza akijibu "nimetuma hela, mbona sijapata?" Kilichobaki hakilipi pango la fremu yake kwa muda mrefu. Sasa tuseme kati ya wale 200, watano tu wamekuja ofisini wakawa wateja wa kila mwezi. Hao wanaingiza shilingi 500,000 kwa mwezi, milioni sita kwa mwaka, na mwaka wa pili wapo bado. Watano kati ya 200 ni wachache mno, wala sidai kwamba ndiyo kawaida ya soko. Nimeweka idadi ndogo makusudi ili ionekane kwamba hata kwa uchache huo, rekodi imelipa mara tatu nje ya bei yake.

Hapo mtu atauliza: kama faida iko kwa wateja, si bora kuigawa bure? Wengi hufanya hivyo, na nadhani wanakosea. Kitu cha bure hupokelewa na kila mtu na kusikilizwa na wachache. Aliyetoa shilingi 10,000 amefanya mambo mawili: ameonyesha kwamba tatizo lake ni la kweli, na ametoa fedha kwa mtaalamu kwa mara ya kwanza. Anayejua soko letu anajua kwamba ya kwanza ndiyo ngumu. Kuna watu watakaokuuliza ushauri miaka kumi, kwenye harusi, msibani, kwenye foleni ya benki, na hawatakulipa kamwe kwa sababu hawajawahi kuanza. Bei ndogo ya rekodi huwatenga hao bila ugomvi. "Kaka, hilo nimelieleza lote kwenye semina, nikutumie namba ulipie?" Atacheka, atabadilisha mazungumzo.

Kwa mawakili kuna sababu nyingine ya kupenda semina, nayo ni ya kisheria. Wakili hawezi kujitangaza kama muuza magodoro. Marekani kwenyewe, mawakili wawili wa Phoenix waliotangaza bei zao gazetini mwaka 1976 walichukuliwa hatua na chama chao, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na ni mwaka 1977, katika kesi ya Bates dhidi ya chama cha mawakili cha Arizona, ndipo ilipoamuliwa kwamba kuwazuia kabisa kutangaza ni kinyume cha katiba. Kenya ilichukua muda zaidi: kanuni zinazowaruhusu mawakili kutangaza, kwa masharti, ni za mwaka 2014. Kuelimisha umma ni jambo jingine. Wakili anayeeleza hatua za kufungua mirathi hajamwita mtu aje kwake, amefundisha. Mstari ni mwembamba, na wapo wanaoukanyaga kwa kumaliza kila dakika kumi na namba yao ya simu. Kamati ya nidhamu ikiwasikiliza, isije ikaonekana imeonea.

Tena tusidanganyike kwamba mwanachama wa chama cha kitaaluma akisikiliza rekodi amejipatia pointi. Chama cha Mawakili cha Kenya kinawadai wanachama pointi tano za mafunzo endelevu kila mwaka, na zinazohesabiwa ni za mafunzo yaliyoidhinishwa. Anayetaka kuwauzia wataalamu wenzake aanze kwa kuomba idhini hiyo, vinginevyo anauza kitu ambacho wenzake hawana haja nacho.

Soko lenye njaa zaidi ni la mwananchi wa kawaida, na hapa Afrika Mashariki ina urithi ambao Chicago haikuwa nao. Muda mrefu kabla ya simu, kanda za mawaidha ziliuzwa mezani nje ya misikiti ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kila Ijumaa, na mahubiri yakauzwa vivyo hivyo kwenye stendi za mabasi. Zilinakiliwa kanda kwa kanda, mpaka ya mwisho ikasikika kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Sheikh mwenyewe aghalabu hakuona fedha ya kanda. Alichokiona ni mwaliko: darsa Tanga, khutba ya nikahi Lamu, safari ya Oman. Sauti ilitangulia, mwenyewe akafuata. Wafanyabiashara wa semina wanaodhani wamegundua jambo jipya wangekaa na mmoja wa wauza kanda wale kwa nusu saa.

Urithi mwingine ni wa serikali. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, masomo ya redio ya wiki kumi na mbili kuhusu malaria, kuhara na magonjwa mengine. Watu wapatao milioni mbili walisikiliza wakiwa kwenye vikundi. Redio peke yake haikutegemewa. Kila kikundi kilikuwa na kitabu na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Viongozi hao walikuwa kama 75,000. Kipindi kikiisha redio inazimwa, watu wanasoma, wanajadili, kisha wanaamua la kufanya, na vyoo vikachimbwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilielewa jambo ambalo wauzaji wengi wa semina hawajalielewa bado: sauti inaingia vizuri, lakini haishiki bila karatasi mkononi na mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo rekodi inayofanya kazi huja na karatasi moja. Semina ya mirathi ije na orodha ya nyaraka: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, wosia kama upo, majina ya warithi. Semina ya kodi ije na kalenda. Msikilizaji hawezi kurudisha sauti nyuma mara nne akitafuta dakika uliyotaja tarehe, atakata tamaa. Na ije na nafasi ya kuuliza, tuseme saa moja ya Jumamosi ambayo walionunua wote wanaingia kwenye simu ya pamoja. Nafasi hiyo ndiyo itakayokuletea wateja, nitairudia.

Mada nazo hazilingani. Sauti haimfai mchora ramani za nyumba, kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo. Inamfaa nusu nusu mhandisi wa programu. Inafaa sana palipo na aibu. Nimewahi kukaa na wakili mmoja mkongwe akaniambia kwamba wajane wengi huja kwake wamechelewa, shamba limeshauzwa, kwa kuwa kumuuliza mtu habari za mirathi wakati msiba haujapoa kunaonekana ni tamaa. Mtu wa namna hiyo hataenda kwenye semina ya hotelini ambako shemeji yake anaweza kuwa amekaa safu ya nyuma. Ataisikiliza usiku, chini ya shuka, kwa sikio moja. Ni hivyo hivyo kwa mfanyakazi anayetaka kujua haki zake kabla mwajiri hajajua kwamba anauliza, na kwa mfanyabiashara ambaye hajawahi kuwasilisha ritani hata moja na anaogopa kuisema siri hiyo mbele ya mtu. Kitabu kinaonekana mezani, mkutano una orodha ya mahudhurio, lakini hakuna anayejua kilichomo kwenye hedifoni.

Kundi jingine ni la walio mbali. Mswahili anayeendesha lori Minnesota au anayefanya kazi Muscat ana saa nyingi za kusikiliza na ana hamu ya kiwanja nyumbani, na ameshasikia mikasa ya watu waliotuma fedha kwa binamu wakaletewa picha ya shamba la mtu. Semina ya namna ya kufanya upekuzi wa hati kabla ya kulipa, iliyosemwa kwa Kiswahili cha kueleweka, atainunua bila kuuliza bei mara mbili. Akimaliza kusikiliza atamhitaji wakili aliye nchini amfanyie upekuzi huo. Wakili yupi? Yule ambaye amekuwa akimsikia sikioni barabara nzima.

Tuje kwenye kurekodi kwenyewe, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kuweka kinasa sauti mezani kwenye semina ya kawaida halafu kuuza kilichonaswa. Niliwahi kununua rekodi ya namna hiyo, semina ya sheria ya ardhi, saa mbili na robo. Dakika kumi na nne za mwanzo ni utambulisho wa meza kuu, kila mheshimiwa na salamu zake. Kisha mtoa mada akaanza vizuri, ila alikuwa na projekta. "Kama mnavyoona hapa," anasema. "Sasa linganisheni na hii ya pili." Nililinganisha giza na giza. Wakati wa chai vijiko viligonga vikombe kwa muda ambao mhariri hakuwa na moyo wa kuukata. Kilele kilikuwa maswali. Maiki ilikuwa kwa mtoa mada, mwulizaji yuko mwisho wa ukumbi, kwa hiyo kilichosikika ni mnong'ono mrefu, halafu: "Swali zuri sana hilo. Jibu ni hapana." Sijajua hadi leo ni nini ambacho hakiruhusiwi.

Kuna dawa rahisi kwa anayelazimika kurekodi ukumbini. Arudie kila swali kwa maneno yake kabla ya kulijibu. Wa ukumbini hawatachukia, na wa kwenye simu watashukuru. Aseme kwa maneno kile anachokionyesha. Lakini iliyo bora ni kuacha ukumbi kabisa na kurekodi upya, chumbani, ukimzungumzia mtu mmoja. Sauti ya mtu anayehutubia watu mia, ikiingia sikioni mwa mtu mmoja, inakuwa kelele.

Chumba hakihitaji kuwa studio. Godoro lililosimamishwa ukutani, pazia nzito, kabati la nguo lililofunguliwa milango, vyote hula mwangwi. Feni izimwe hata kama ni Februari na uko Tanga. Friji nayo, kwa kuwa hunguruma kila baada ya dakika kadhaa, na mhariri hataweza kuitoa. Mvua ikianza juu ya bati, funga kazi uende ukanywe chai. Pangia kazi kati ya sala mbili kama msikiti uko karibu. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, kwa maana herufi p ikitoka moja kwa moja hupiga maiki kofi. Kabla ya kusema lolote, acha nusu dakika ya ukimya irekodiwe: huo ukimya wa chumba ndio atakaoutumia mhariri kuziba viraka. Na usiisome hotuba iliyoandikwa. Msikilizaji wa Kiswahili ana sikio kali, anajua papo hapo nani anaongea na nani anasoma. Uwe na vichwa vya habari kwenye karatasi, na uwe na mtu mmoja wa kweli mbele yako, ikibidi shangazi, ambaye akikunja uso unajua hukueleweka.

Urefu? Saa nzima kwa faili moja ni mzigo. Vipande vya dakika kumi hadi kumi na tano, kila kimoja na swali lake, husikilizwa mpaka mwisho. Kuna na hesabu ya bando: sauti ya mtu mmoja kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 29 kwa saa, na ukishusha hadi 32 inakuwa kama 14, bila mazungumzo kuharibika sana. Kwa mnunuzi wa bando la siku, tofauti hiyo ni ya maana. Jambo la mwisho la ufundi: tangu 2021 WhatsApp inamruhusu msikilizaji kuongeza kasi ya ujumbe wa sauti mara moja na nusu au mara mbili, na vijana wengi wanasikiliza hivyo. Mtaalamu anayeongea haraka kwa asili atageuka mnada wa samaki. Aongee taratibu.

Sasa lile linalowakosesha watu usingizi: kurushiana. Mtu mmoja ananunua, jioni faili iko kwenye kundi la watu 200. Nimewaona wataalamu wakiweka vitisho mwanzoni mwa kila kipande, "ni kosa kisheria kusambaza," na ni kweli ni kosa. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na Tanzania ya 1999. Ila kumshitaki mwenye saluni wa Temeke kwa sababu amemrushia dada yake semina ya shilingi 10,000 ni kazi ya mtu asiye na kazi. Ushauri wangu ni kukubali kwamba faili ikishatoka imetoka, na kupanga biashara kwa kujua hivyo. Mwanzoni mwa kila kipande na mwishoni jitambulishe: jina, ofisi, mtaa, mwezi na mwaka wa kurekodi. Faili iliyorushwa ikiwa na anwani ni wakala wako anayetembea bila mshahara. Halafu weka thamani mahali pasiporushika: ile saa ya maswali ya Jumamosi, karatasi yenye jina la mnunuzi, toleo jipya sheria ikibadilika. Aliyepata faili ya bure hana hivyo, na akivitaka anajua pa kuja.

Kuuza kwa risiti ni lazima. Linaonekana dogo, lakini mhasibu anayeuza semina ya umuhimu wa mashine ya EFD bila kutoa risiti ya EFD ameshajieleza yeye ni nani.

Yapo mawili ya kisheria yasiyosamehewa. La kwanza ni siri za watu. Mfano halisi ndio unaoifanya semina ipendeze, na jaribu la kusimulia kesi ya mteja ni kubwa. Mji wetu ni mdogo. Ukisema "kuna mama mmoja wa Mbezi, mumewe alikuwa na lori tatu na mke wa pili Morogoro," nusu ya wasikilizaji wameshamjua. Changanya mifano, badilisha mji, badilisha biashara, au omba ruhusa kwa maandishi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na mtu aliyeuliza swali ukumbini hakukupa sauti yake uiuze. La pili ni nani mwenye rekodi. Ukialikwa na taasisi kutoa mada, wao wakaleta vifaa na fundi, usidhani rekodi ni yako kwa kuwa maneno ni yako. Chini ya sheria ya Kenya, mwenye haki ya rekodi ya sauti ni yule aliyeandaa urekodi ufanyike. Kubalianeni kabla, kwa barua pepe ya mistari mitatu.

Limebaki tatizo la muda, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko kurushiana. Semina ya ujuzi wa kudumu, kama namna ya kuongea na mteja mgumu, inaweza kuuzwa miaka. Semina ya kodi huoza, na tarehe ya kuoza inajulikana: 1 Julai, sheria mpya za fedha zinapoanza kutumika Kenya na Tanzania. Rekodi ya mwaka 2022 iliyomwambia mfanyabiashara wa Tanzania Bara kwamba kiwango cha kusajiliwa VAT ni mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka ilikuwa sahihi siku ile. Kuanzia Julai 2023 kiwango kikawa milioni 200. Faili bado inazunguka, jina lako bado liko mwanzoni mwake, na mtu anaifuata. Ndiyo maana nasisitiza mwezi na mwaka vitajwe kwa sauti, ndani ya kila kipande, maana maelezo yaliyoandikwa pembeni hubaki nyuma faili inaporushwa.

Hatari ya upande wa pili ni kuwahi. Juni 2024 Kenya ilikuwa na Muswada wa Fedha uliokuwa gumzo la nchi nzima, na washauri walikuwa mbioni kuandaa semina za kuwaandaa wateja kwa kodi mpya. Bunge likaupitisha tarehe 25, siku ambayo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge lenyewe. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Kila dakika iliyokuwa imerekodiwa kuhusu muswada ule ikageuka historia kwa usiku mmoja, na aliyekuwa ameshapokea fedha za wateja alikuwa na kazi ya kuwarudishia.

Kwa mhasibu tuliyemwacha na simu sikioni, misimu ni miwili. Semina ya ritani za mwaka uliopita irekodiwe Machi na iuzwe Aprili hadi Juni, kwa sababu sheria yake imeshatulia na tarehe 30 Juni inawasukuma wanunuzi yenyewe. Semina ya sheria mpya isubiri. Muswada usainiwe, uchapishwe kwenye gazeti la serikali, ausome wote mpaka majedwali ya mwisho, ndipo azime feni na kuwasha maiki.